Jina la Pili

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ambayo ungeweza kuivunja kwa kuzaliwa tu. Kwa Kiswahili tungeiita Sheria ya Kuwaondoa Malaiboni. Hukuhitaji kuiba ng'ombe, kumpiga chifu wala kukataa kulipa kodi. Ilitosha kuwa wa ukoo wa Talai. Kama baba yako alikuwa Mtalai, nawe ulikuwa Mtalai, na kama ulikuwa Mtalai, basi ulikuwa hatari. Wakakusanywa, wazee kwa watoto, watu takriban 700, wakatolewa kwenye vilima vya Kericho vyenye mvua na baridi wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo liko Kaunti ya Homa Bay. Huko walikuta joto, mbu na mbung'o. Wengi walikaa karibu miaka 30. Waliozaliwa uhamishoni walizaliwa wakiwa tayari wamehukumiwa. Kenya ilipokaribia uhuru wakaanza kurudi, na wengi wakakuta hawana pa kurudi: ardhi ilikuwa na wenyewe.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi "upendeleo usiojijua" umekuwa msamiati wa semina. Unaletewa chai na maandazi, mtu anafungua slaidi, anakuambia ubongo wako una njia za mkato, mnapiga makofi, mnaenda nyumbani. Si ati ni uongo. Ubongo una njia za mkato kweli. Lakini njia ya mkato ni njia, na njia huwa imekanyagwa na watu kabla yako. Ukitaka kujua kwa nini mguu wako unaelekea kushoto kabla hujafikiri, uliza nani alipita hapo kwanza na alikuwa anakimbia nini.

Huku Kabianga, nje ya mji wa Kericho, njia hizo zinaonekana ukitaka kuziona. Kuna chai kila upande, imekatwa sawa kama nywele za mwanajeshi. Kuna shule ya zamani ya serikali, ya tangu miaka ya 1920. Kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013, na pembeni yake ploti za keja, vibanda vya chapati, boda na vijana kutoka kila kaunti. Na kuna swali moja ambalo utaulizwa kabla hujakaa vizuri: "Jina lako la pili ni nani?"

Turudi kwanza kwa Watalai.

Ingekuwa rahisi kusema Mzungu alikuja akaleta chuki, hadithi ikaishia hapo. Haikuwa hivyo. Watalai ndio ukoo walikotoka orkoiik, viongozi wa kiroho wa Wanandi na Wakipsigis. Orkoiyot aliombwa baraka kabla ya vita, aliulizwa kuhusu mvua na ndoto zake zilichukuliwa kwa uzito. Mtu wa namna hiyo huheshimiwa, na huogopwa pia, kwa sababu mwenye uwezo wa kubariki anadhaniwa ana uwezo wa kulaani. Mwaka 1890 hivi, Wanandi wenyewe walimuua orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wanawe wakagawanyika: Koitalel arap Samoei akabaki Nandi, Kipchomber arap Koilegen akaenda kwa Wakipsigis. Kwa hiyo hofu juu ya Watalai ilikuwepo kabla ya afisa yeyote kufungua ofisi Kericho. Ilikuwa hofu ya nyumbani, yenye heshima ndani yake.

Waingereza walipoingia waliona kitu kimoja tu: watu hawa wanaweza kuwaunganisha wengine. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mkutano wa amani, na Kapteni Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake wakaondolewa Kericho, naye akafia uhamishoni Murang'a. Hadi hapo, serikali ilikuwa inawaadhibu viongozi kwa kile ilichosema wamefanya. Sheria ya 1934 iliruka hatua moja kubwa. Ng'ombe wa walowezi walikuwa wanaibwa na wakuu wa wilaya walitaka jibu. Jibu likawa: Watalai ndio wanaochochea. Wote. Baba, mama, mtoto mgongoni.

Tazama hata neno walilotumia. Laiboni ni neno la Kimaasai. Wakipsigis husema orkoiyot. Serikali ilijifunza neno kwa Wamaasai ikalibandika kwa watu wengine, na hakuna aliyeona haja ya kurekebisha. Vilevile kwa miaka mingi vitabu vya serikali viliwaita Wakipsigis "Lumbwa", jina ambalo Wamaasai walilitumia kwa dharau kwa watu wanaolima. Kituo cha reli tunachokiita leo Kipkelion kiliitwa Lumbwa. Fikiria hilo kidogo: afisa kutoka London anamtazama Mkipsigis kwa jicho aliloazima kwa Mmaasai, kisha anaandika kwenye faili kana kwamba ni jambo aliloliona mwenyewe. Sehemu kubwa ya tunayoyaita "maoni yangu" hutengenezwa hivyohivyo. Tumeazima, tukasahau tuliazima kwa nani.

Sheria ile imekwenda. Hakuna askari leo anayeweza kumkamata Mtalai kwa sababu ya ukoo. Lakini ukikaa Kericho ukasikiliza watu, utagundua kwamba mkono bado unafanya kazi baada ya karatasi kuchanwa. Zipo familia ambazo kijana akileta mchumba, swali la kwanza ni ukoo, na likitajwa jina Talai, sauti zinashuka. Hakuna anayesema "hapana". Mahari inaahirishwa. Mjomba anapata safari. Mama anasema hajisikii vizuri. Ukiwauliza, watakuambia wao si wabaguzi, na wanasema kweli kwa kadiri wanavyojijua. Ni kwamba tu kila uamuzi mdogo umeegemea upande mmoja, na ukijumlisha miaka 60 ya maamuzi madogo unapata watu walioishi pembeni ya mji bila ardhi, bila wa kuwasemea, huku kila mmoja wetu akiapa kwamba hakuwafanyia lolote.

Huo ndio upendeleo usiojijua, kwa maneno yangu: ni amri iliyopoteza karatasi yake. Mwanzoni kulikuwa na mtu, na sababu, na faida aliyoipata. Baadaye mtu akafa, sababu ikasahaulika, faida ikahamia kwingine, ikabaki tabia. Na tabia haijitambulishi. Inakuja ikiwa imevaa nguo za akili ya kawaida: "Mimi naangalia tu usalama wa familia yangu."

Sasa njoo kwenye chai, kwa sababu chai ndiyo iliyotufundisha wengi wetu nani anafaa kazi gani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia. Zilihitaji mikono mingi. Mikono mingi ikaja kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi. Wakati huohuo kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, hati iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya vita hiyo, ikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Humo mlikuwa na jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara, na kabila. Mwajiri akifungua kikebe, anasoma kabila kabla hajamwangalia mtu usoni. Jina la pili lilianza kuulizwa kwa namna hiyo zamani sana, na aliyeuliza alikuwa na kazi mkononi.

Kutokana na kikebe hicho zikaja hekima za mnyapara. Huyu kabila lake linachuma haraka. Yule ni mzuri wa jikoni. Wale ni wanajeshi wa kuzaliwa, hao wapelekwe King's African Rifles, ambako Wakamba na Wakalenjin walipendelewa. Na Mkipsigis? Mkipsigis, walisema, ni mfugaji, hapendi jembe. Lakini katika miaka hiyohiyo Wakipsigis walikuwa wamekamata plau ya kukokotwa na ng'ombe kwa kasi, wakalima mahindi, wakauza. Waliwauzia nani? Mashamba ya chai, yaliyohitaji posho ya kulisha wafanyakazi wake. Yaani kampuni zilikuwa zinapika ugali wa mahindi ya watu walioambiwa hawapendi kulima. Ushahidi ulikuwa kwenye sahani, na faili haikubadilika.

Ndivyo ilivyo. Upendeleo ukishakaa hauondolewi na ushahidi, maana ndio unaochagua ushahidi upi uonekane. Mkipsigis akikataa kuchuma chai kwenye ardhi iliyokuwa ya baba yake, wanasema: "Si tulisema? Hapendi kazi." Akilima mahindi gunia mia, huyo ni "tofauti na wenzake".

Kulikuwa na hekima nyingine, kubwa zaidi: kwamba Mwafrika hawezi kukuza chai bora. Atachuma majani makubwa, atachafua soko, ataiba. Hadi miaka ya 1950 wakulima Waafrika Kenya walizuiwa kupanda zao hilo, na walipoanza kuruhusiwa, chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, walianza kwa vishamba vidogo na ulinzi mkali. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya inatoka kwa wakulima wadogo, watu wenye ekari moja, nusu ekari, wanaobeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani. Sina haja ya kuongeza neno. Lakini kumbuka kwamba wale waliosema haiwezekani hawakuwa wajinga. Walikuwa na vipimo, vyeti na uzoefu wa India na Ceylon. Walikuwa pia na faida ya kulinda, na mtu mwenye faida ya kulinda huwa hasikii faida ikizungumza. Anasikia ubora.

Na hata haya masanduku tunayowekana ndani si ya kale kama tunavyodhani. Jina Kalenjin, ambalo leo mtu yuko tayari kulipigania, lilianza kutumika kwa maana ya watu wamoja katika miaka ya 1940, likitokana na neno la "nakuambia". Kabla ya hapo ulikuwa Mkipsigis, Mnandi, Mtugen, Mkeiyo. Babu wa mtu aliye hai alizaliwa kabla kabila lake halijapewa jina. Bado sisi tunatazama jina la pili kwenye barua ya kuomba kazi tukadhani tumejua mwenye barua anapikaje, anapiga kura vipi na ataiba lini.

Utasema hiyo ni historia, leo ni leo. Sawa, twende karibu zaidi.

Mwaka 2014 mchumi Jonas Hjort alichapisha utafiti kuhusu kiwanda kimoja cha maua hapa Kenya. Alikuwa na rekodi za mazao ya kila siku za 2007 na 2008. Kazi ilipangwa hivi: mfanyakazi mmoja yuko mbele, anachambua maua ya waridi na kuwapelekea wenzake wawili, na hao wawili wanayafunga kuwa mashada. Kila mfungaji analipwa kwa kiasi anachofunga. Yule wa mbele analipwa kulingana na jumla ya wawili hao. Kwa hiyo akimnyima mmoja maua, anajinyima mwenyewe pesa. Na timu zilipangwa bila kuchagua makabila: nyingine wote wa upande mmoja, nyingine mchanganyiko.

Unajua alichokikuta. Timu zenye mchanganyiko zilifunga maua machache kuliko zile za upande mmoja. Mtu wa mbele alikuwa anampelekea wa kwao zaidi na mwenzake pungufu, kila siku, ua moja hapa, ua moja pale, huku akipoteza sehemu ya mshahara wake. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka moto, pengo hilo likakua karibu mara mbili. Maua ni yaleyale. Meza ni ileile. Kilichobadilika ni hewa nje ya kiwanda.

Kericho tunaijua hiyo hewa. Kwenye mashamba ya chai, watu waliotoka sehemu nyingine za nchi, baadhi yao wakiwa wameishi kwenye kambi hizo miaka mingi, walivamiwa na kufukuzwa kwa sababu ya majina yao. Baadaye walalamikaji 218, wafanyakazi na jamaa za waliouawa, walipeleka kesi dhidi ya Unilever London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa huko ikaamua kwamba kesi hiyo haiwezi kuendelea. Sisemi kwamba aliyemnyima mwenzake waridi ndiye aliyebeba panga. Hapana. Nasema panga lilipotokea, meza nyingi zilikuwa zimeshafanya mazoezi ya kujua nani ni nani.

Sasa kuna utafiti wa pili ambao watu wa semina hawaupendi sana. Kundi jingine la watafiti, akiwemo Edward Miguel na Daniel Posner, waliwakusanya wakazi wa Nairobi, wakawachezesha michezo ya kugawana pesa na watu wa makabila mbalimbali, wakawapa pia jaribio la kubonyeza vitufe kwa haraka, la aina ile iliyobuniwa Marekani na Anthony Greenwald na wenzake mwaka 1998 ili kupima upendeleo ambao mtu hausemi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2020: hawakuona ushahidi wa maana wa upendeleo wa kikabila. Huyu Mkikuyu na huyu Mjaluo, mkononi na pesa, waligawa kwa haki.

Basi nani anasema kweli? Mimi nazisoma tafiti hizi pamoja hivi. Upendeleo hauketi kichwani mwa mtu kama jiwe, ukiuvunja umekwisha. Uko zaidi kama maji ardhini: mahali pengine huyaoni kabisa, na mahali pengine ukikanyaga tu yanapanda. Mpe mtu muda, pesa za wazi na mtafiti anayemtazama, atagawa vizuri. Mweke kwenye meza yenye haraka, maamuzi elfu kwa siku, kila moja dogo kiasi cha kutokumbukwa, na redio inatangaza matokeo ya kura, na maji yatapanda. Ndiyo maana kujiuliza "je, mimi ni mbaguzi?" ni swali la kupoteza muda. Jibu litakuwa "hapana" kila mara. Swali lenye faida ni hili: ni meza zipi maishani mwangu zinazofanana na ile ya maua?

Nitakutajia za huku kwetu.

Mwenye ploti ana keja moja na wanafunzi watano wanaitaka. Hana kigezo. Anaongea na kila mmoja dakika mbili. Anauliza kwenu ni wapi. Mwishoni anachukua "yule aliyeonekana mtulivu". Muulize utulivu ulionekana wapi. Mara nyingi ulionekana kwenye lugha ya mama waliyoisalimiana.

Kwenye intavyuu, kijana wa Bomet anafungua mdomo. Kikalenjin hakitenganishi p na b, t na d, k na g kama Kiswahili kinavyotenganisha, kwa hiyo lafudhi yake inasikika. Wachekeshaji wetu wamekula mkate kwa lafudhi hiyo miaka na miaka, na tumecheka, mimi pia nacheka. Lakini aliyekaa upande wa pili wa meza amecheka lafudhi hiyo tangu utotoni, na sasa ana kalamu na nafasi ya kuandika alama za "mawasiliano". Hajui kwamba kicheko kimeingia kwenye alama. Yeye ameandika alichosikia.

Kwenye mizani ya chai, karani anasoma kilo. Kwenye hospitali, mtu anaamua maumivu ya nani ni ya kweli na ya nani ni ya kudeka. Kwenye kundi la kazi za chuo, mnagawana, na msichana anapewa kuandika na kupanga, mvulana anapewa kuwasilisha. Hakuna aliyepiga kura.

Na kuna meza ya wenye vyeti. Mimi niliacha chuo ada iliposhindikana, siku hizi naandika nikilipwa kwa kazi. Nimeona jinsi sentensi ileile inavyosikika tofauti mtu akishajua hukumaliza. Kabla ya hapo ilikuwa "hoja nzuri". Baada ya hapo ni "unajaribu". Nataja hili ili usidhani jina la pili ni kabila peke yake. Kuna jina la pili la shule, la mtaa, la kiatu, la simu iliyopasuka kioo. Sisi wa miji ambao hujisifu hatuna ukabila tumebuni mengine. "Huyo ni wa mashambani." "Huyo ni wa Eastlands." Sanduku lilelile, rangi mpya.

Tufanyeje? Turudi kwenye kiwanda cha maua, kwa sababu hadithi yake ina sehemu ya pili. Wakati wa fujo za 2008, wasimamizi walibadilisha malipo. Badala ya kila mfungaji kulipwa kwa mashada yake, wawili hao wakalipwa kwa jumla ya mashada yao. Sasa hata ukimnyima mmoja na kumjazia mwingine, hukumwongezea wa kwenu chochote. Na zile timu ambazo wafungaji wake wawili walikuwa wa pande tofauti zikapanda hadi kiwango cha timu za upande mmoja. Hakuna aliyehubiriwa. Hakuna aliyeonyeshwa slaidi. Hakuna aliyetakiwa kuwa na moyo mpya. Walipanga upya meza.

Linganisha na yaliyotokea kwingine. Mwaka 2018 Starbucks ilifunga maelfu ya maduka yake Marekani alasiri moja ili wafanyakazi wafundishwe kuhusu upendeleo. Mwaka 2020 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mafunzo ya aina hiyo kwa watumishi wake, ikisema hakuna ushahidi kwamba yanabadilisha tabia. Wapo waliofurahi kwa sababu mbaya, kana kwamba dawa ikishindwa basi ugonjwa haupo. Lakini kuhusu dawa yenyewe hawakukosea sana. Kujua kwamba una njia ya mkato hakukuondoi njiani.

Kinachosaidia ni vitu vya kuchosha. Mwenye ploti aandike kabla hajaona mtu: nani atalipa, kwa tarehe gani, nani alikuja kwanza. Anayeajiri awaulize wote maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, aandike alama kabla hajaongea na mwenzake, na akiweza asome kazi ya mtu kabla hajasoma jina. Karani wa mizani amuonyeshe mchumaji namba. Na kabla ya kusema "sijui, moyo umekataa tu", uliza: mtu huyuhuyu, maneno haya haya, angekuwa na jina la pili linalofanana na langu, moyo ungekataa? Usipojibu haraka, simama hapo kidogo.

Kenya kama nchi ilijaribu kupanga meza kubwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyotungwa moshi ukiwa haujaisha, inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Ni sheria inayovunjwa mchana kweupe, na kila anayeivunja ana maelezo mazuri: "Tuliangalia waliohitimu." Labda. Lakini orodha ya majina ndiyo rekodi ya maua. Uamuzi mmoja huwezi kuuhukumu. Maamuzi mia yakielekea upande mmoja yanazungumza yenyewe, hata kama kila aliyeyafanya alikuwa mtu mwema.

Na Katiba ya 2010, kifungu cha 27, ikiorodhesha mambo ambayo mtu hatabaguliwa kwayo, inataja kabila, lugha na dini, na mwisho kabisa inataja kuzaliwa. Neno hilo moja likisomwa Kericho lina uzito wake. Miaka 76 kabla yake, kuzaliwa ndiko kulikokuwa kosa.

Watalai bado wanadai. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao, wakizungumzia zaidi ya watu nusu milioni wa eneo la Kericho walioathirika. Mwaka 2022 walalamikaji wakaipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tunawaunga mkono, na ni sawa. Uingereza ilipe deni lake.

Lakini kuna sehemu ya deni ambayo London haiwezi kulipa hata ikitaka. Ni ile ya jioni, nyumbani, binti amemleta kijana mwenye adabu, mwenye kazi, anayempenda, na mtu mmoja pale sebuleni anauliza kwa upole kabisa: "Na nyinyi ni wa ukoo gani?" Kijana akijibu Talai, hakuna afisa wa kikoloni chumbani. Kuna baba, mama, shangazi na thamosi ya chai. Uamuzi ni wao.